Kaunta ya Hoteli Kubwa au Kaunta ya Baa: Anayeanza Arusha Aingilie Wapi?

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alinipigia simu kutoka Sakina akiwa na nafasi mbili. Moja ni uanagenzi wa mwaka mzima kwenye kaunta ya hoteli ya kitalii hapa Arusha: posho ndogo, chakula cha zamu, sare mbili, na msimamizi wa kumfundisha. Nyingine ni kukaa kaunta kwenye baa ya nyama choma kule Njiro, mshahara karibu mara mbili ya ile posho, aanze Ijumaa. "Mama mdogo, nichukue ipi?"

Nimepita kote kuwili. Nilikaa kaunta mwaka na nusu kwenye baa moja mjini Moshi, nikaja Arusha kuwa mwanagenzi wa hoteli nikiwa na miaka 23, na leo mimi ndiye ninayeshika funguo za stoo ya vinywaji. Jibu nililompa kwenye simu lilikuwa fupi. Hili hapa ni refu, maana najua hayuko peke yake.

Tuelewane majina kwanza

Baani mtu anayetoa vinywaji anaitwa kwa jina la mahali anaposimama. "Kaunta, mbili za baridi!" Jina lako wanalijua wachache. Hotelini unaitwa batenda, na mwanagenzi ni yule aliye chini ya batenda, anayejifunza kwa mkataba. Wengi wanamchanganya mwanagenzi na mwanafunzi wa fildi. Wa fildi anatumwa na chuo, anakaa wiki kadhaa, anajaziwa fomu, anaondoka, na hakuna aliyemtegemea sana. Mwanagenzi anakaa muda mrefu, anahesabiwa kwenye ratiba ya zamu, na karatasi yake inapaswa kusema atajifunza nini, mwezi gani, chini ya nani, na nani atampima. Kama karatasi haisemi hayo, basi wewe ni kibarua wa bei nafuu uliyevalishwa tai. Hoteli za namna hiyo zipo, na baadhi zina maua mazuri sana getini.

Siku ya kwanza

Baani unauza siku ya kwanza. Niliingia saa tisa alasiri, tukakabidhiana na yule dada aliyekuwa anatoka: kreti ngapi za Kilimanjaro, ngapi za Safari, Konyagi kubwa ngapi, ndogo ngapi, soda, maji, na chenji ya kuanzia. Tukasaini daftari. Kuanzia dakika ile kila chupa ilikuwa yangu. Usiku wa manane mwenye baa akaja na kikokotoo chake, tukahesabu, nikawa na shoti (upungufu) ya bia nne. Sikuziiba wala sikuzinywa. Wahudumu wawili walikuwa wamechukua kwa maneno ya "nakuletea sasa hivi," nami sikuandika. Bia nne zile zilikatwa kwenye mshahara wangu wa mwezi wa kwanza, na tangu hapo sijawahi kutoa chupa bila kuiandika, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Funzo la usiku mmoja, nikalilipia mwenyewe.

Hotelini siku ya kwanza nilifuta glasi. Ya pili pia. Wiki tatu nzima nilifuta glasi, nilikata ndimu, nilichambua majani ya mnanaa, nilisomba barafu kwa ndoo na kreti kutoka stoo kupitia korido ya nyuma ambayo mgeni haijui. Glasi ya mvinyo unaishika kwenye shina, unaipitisha juu ya mvuke wa maji moto, unaifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, unainyanyua kwenye taa. Msimamizi wangu alikuwa akipita anachukua moja katikati ya zile hamsini nilizopanga, anaiangalia kwenye taa, anairudisha kwenye sinki bila kusema neno. Kulikuwa na daftari la vilivyovunjika limening'inizwa kwa kamba. Ukivunja unaandika tarehe, aina, na jina lako. Aliyeandika hakukatwa kitu. Aliyeficha vipande chini ya pipa, na wakakuta hesabu haikubali, aliitwa ofisini.

Niliudhika, sitaki kudanganya. Moshi nilikuwa nalala na mauzo ya siku nzima chini ya mto, huku mtu ananikataza kufungua soda. Ilinichukua miezi mitatu kuona kwamba mikono yangu ilikuwa imebadilika. Nilikuwa sigongi kitu. Nilikuwa najua kila chupa ilipo nikiwa nimegeuka nyuma. Baani nilikuwa na kasi, ila ile kasi ilikuwa ya mtu anayekimbia ndani ya nyumba yenye giza.

Kipimo, ambacho baa haikufundishi

Hapa hoteli inashinda waziwazi, na nitakaa kidogo.

Baa zetu nyingi zinauza chupa iliyofungwa. Bia ni chupa, Konyagi ni chupa, soda ni chupa. Mteja anafungua, anajimiminia, anajipunja au anajizidishia mwenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa kaunta miaka mitano asijue mililita 30 zinafananaje ndani ya glasi. Hotelini karibu kila kitu kinamiminwa: viski, ramu, tekila, jini (ya chupa, mama yangu bado hanielewi nikisema nauza jini), mvinyo wa glasi. Na kila kinachomiminwa kina hesabu.

Chukua chupa ya mililita 750. Kwa toti (kipimo kimoja cha pombe kali) ya mililita 30 inatoa toti 25. Mkono wako ukizidisha mililita 5 tu kila mara, na kwa jicho hutaona, chupa ileile inatoa toti 21. Nne zimepotea na hakuna aliyeiba. Mvinyo ni vivyo hivyo: ukimimina mililita 150 unapata glasi tano, ukimimina kwa ukarimu wa nyumbani unapata nne, na mgeni wa tano anafunguliwa chupa mpya kwa sababu yako. Ndiyo maana hotelini kuna kile kikombe kidogo cha chuma chenye pande mbili, jiga, na mwanagenzi haruhusiwi kumimina bila hicho hata kama mabatenda wa kwenye video wanamimina kutoka juu ya bega. Mwisho wa wiki mhasibu anakuja, anaangalia kila chupa iliyofunguliwa imebaki sehemu ngapi kati ya kumi, anailinganisha na bili zilizotoka kwenye mashine. Nambari haina undugu.

Kinywaji cha kwanza nilichoruhusiwa kumtengenezea mgeni kilikuwa Negroni, mwezi wa nne. Kina mililita 30 za jini, 30 za Campari (pombe nyekundu chungu) na 30 za vermuti (mvinyo wenye viungo) tamu nyekundu, ganda la chungwa juu. Walinipa hicho kwa makusudi: vipimo vitatu sawa, hakuna pa kujificha. Na hakitikiswi, kinakorogwa na barafu. Kanuni niliyofundishwa ni kwamba kinywaji chenye maji ya ndimu, maziwa au yai kinatikiswa ili vichanganyike na kupata povu. Kile cha pombe tupu kinakorogwa taratibu ili kibaki angavu, kipoe, na barafu iachie maji kidogo kwa kiasi unachokitaka. Barafu yenyewe ni somo. Ile ya vipande vidogo vilivyoanza kulowa inayeyuka kabla mgeni hajamaliza hadithi yake ya simba wa Ndutu, na anachokunywa mwishoni ni maji yenye rangi. Baani Moshi barafu ilikuwa ya kupooza soda siku umeme umekatika.

Nilipokuja kuelewa haya nikajua kwa nini wiki tatu za glasi. Kinywaji chote kinategemea vitu ambavyo mgeni havioni.

Mtu, ambaye hoteli haikufundishi

Sasa nigeuze upande. Siku ya mechi ya Simba na Yanga, kaunta ya baa inakuwa na watu thelathini wanaozungumza kwa pamoja, wahudumu sita wamenyoosha trei, na bosi amekaa pembeni anajifanya haangalii. Hakuna mashine. Unashika oda kichwani, unajua huyu anakunywa ya baridi na yule ya moto (Moshi ya moto ina wateja wake waaminifu), unajua nani analipa mwisho na nani anaondoka kupitia choo. Unajua kumnyima mtu mzima bia ya saba bila kumvunjia heshima: "Mangi, hii nakuwekea ya kesho, nimeiandika jina lako." Anacheka, anaondoka. Ukimwambia umelewa, meza zinaruka.

Hili wanagenzi waliotoka chuoni moja kwa moja hawana. Nimewaona wana vyeti vizuri, wanakutajia aina za zabibu, halafu mkutano unaahirishwa pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, saa kumi na moja jioni, wajumbe wanaingia kwa mkupuo, na kijana anasimama katikati ya kaunta kama aliyesahau jina lake. Usiku wa kwanza wa namna hiyo mimi nilikuwa wiki ya tatu, bado wa glasi. Batenda alikuwa peke yake, akaniita nishike upande wa bia na soda. Nilifanya kama Moshi. Kesho yake msimamizi hakunipongeza, ila hakurudisha glasi yangu hata moja kwenye sinki, nikachukulia kwamba nimepongezwa.

Kwa hiyo ukiniuliza ni ipi shule, nitakwambia baa inakufundisha watu na pesa, hoteli inakufundisha mkono na hesabu. Mkono na hesabu ni vigumu kuvipata ukishazoea vibaya. Nilipata taabu zaidi kuacha tabia za baa kuliko kujifunza za hoteli.

Anayekaa mbele yako

Hoteli za Arusha zina wageni wa namna mbili na hawafanani kabisa. Kuna mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege wa KIA usiku, kasafiri siku nzima, anakunywa kimoja, analala, alfajiri Land Cruiser inamsubiri nje. Huyu hukumbuki sura yake wala yeye hakumbuki yako, hadi arudi kutoka Serengeti na vumbi kwenye nyusi akitaka kitu chenye barafu nyingi. Wa pili ni wa mikutano. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ndipo ilipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, basi wanakuja wanasheria, makatibu, wajumbe. Hawa wanakaa muda mrefu, wanarudi kesho, wanataka uwakumbuke. Batenda anayejua kwamba mzee yule wa Kampala anakunywa tonic bila pombe ila kwenye glasi inayofanana na ya wenzake, huyo ana maisha.

Moshi ni jambo lingine. Hoteli zake zinaishi kwa Mlima Kilimanjaro. Mgeni analala usiku mmoja au miwili kabla ya kupanda, na huyo hanywi, anaogopa kichwa kitamuuma kule juu. Anaporudi kutoka mita 5,895 anataka bia yenye picha ya mlima alioupanda, na anataka saba. Kokteli utatengeneza chache. Ukitaka kujifunza kokteli, njoo Arusha.

Na lodge za porini? Wageni wanakaa usiku mbili tatu, kuna kinywaji cha machweo juu ya mwamba, majina yenu mnajuana. Posho haina pa kwenda kwa kuwa unalala na kula hapohapo. Ila kwa anayeanza nasita. Kaunta ya porini mara nyingi ina batenda mmoja tu, kwa hiyo unajifunza makosa yake yote na hakuna wa kukuonyesha vingine. Nenda mwaka wa tatu.

Kuna swali kila mgeni wa hotelini atakuuliza, hata ukiwa mwanagenzi wa glasi: watu wa huku wanakunywa nini? Hapo mtoto wa Kibosho, wa Uchagani kama mimi, ana mtaji ambao chuo hakina. Ninawaeleza mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga: ndizi mbivu zinachemshwa, zinapumzishwa siku kadhaa, zinachujwa, unaongezwa uji wa ulezi, na msesewe (magome ya mti) wa kuleta uchungu. Haikai. Leo tamu, kesho kali, kesho kutwa inafaa siki, ndiyo maana huioni kwenye friji ya hoteli. Halafu nawaambia kuhusu kuonja. Hotelini ninamimina mvinyo kidogo kwa aliyeagiza, yeye mgeni aonje na kuamua. Kwa bibi yangu anayeonja kwanza ni yule anayekupa, ndipo anakukabidhi kata, ili ujue hujawekewa kitu. Mmoja anampa mgeni hukumu, mwingine anampa mgeni dhamana. Huwa naona wageni wanaiweka glasi chini na kufikiri.

Pesa, bila kuzungukazunguka

Mwanzoni baa inalipa zaidi. Posho ya uanagenzi katika hoteli nyingi inaishia kwenye nauli na vocha. Serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta, na hoteli za kitalii zimewekwa daraja la juu kuliko baa na nyumba za wageni, lakini hilo linakuhusu ukishaajiriwa. Wakati wa mafunzo unaishi kwa posho na tipu, na habari ya tipu ni hii.

Baani tipu ni "chenji baki nayo." Ni yako, iko mfukoni, imekwisha. Hotelini kuna boksi. Mwisho wa wiki au wa mwezi linafunguliwa na kugawanywa kwa wote, mpaka jikoni na waosha vyombo, na mwanagenzi mara nyingine anapewa nusu ya fungu, mara nyingine hapewi. Usiingie bila kuuliza. Usiulize kwa aibu pia. Uliza kama unavyouliza saa za kazi.

Halafu kuna majira. Hoteli inajaa kuanzia Juni hadi Oktoba na tena kuanzia Desemba hadi Februari. Masika ikiingia, Aprili na Mei, korido zinakuwa kimya, baadhi ya wafanyakazi wanapewa likizo, na boksi la tipu unaweza kulitikisa lisilie. Baa haijui masika, mvua inaingiza watu ndani. Baa ina njaa yake nyingine: Januari ya ada za shule, Kwaresima, na Ramadhani kwa mitaa yenye Waislamu wengi. Ila baa ya Moshi ina Desemba. Wachaga wakirudi nyumbani kwa Krismasi, wiki zile mbili nilikuwa nikipata chenji za "baki nayo" zinazokaribia mshahara wenyewe, na nilikuwa silali.

Sheria nayo uijue, maana baani hakuna atakayekusomea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya ujira wa msingi kwa kila saa. Ziada ya muda inalipwa mara moja na nusu. Na ile shoti: mwajiri hawezi tu kufyeka mshahara. Lazima hasara iwe imetokana na kosa lako, upewe nafasi ya kujieleza, na makato kwa jumla yasizidi robo ya ujira wako. Miaka ile Moshi sikujua hata mstari mmoja wa haya. Mwezi mmoja nilipokea theluthi moja ya mshahara, nikasema asante.

Sisemi hoteli ni watakatifu. Nilishafanya zamu mbili mfululizo siku ya harusi na zile saa za ziada hazikuonekana popote kwenye karatasi ya mshahara. Tofauti ni kwamba hotelini kulikuwa na karatasi, kwa hiyo kulikuwa na kitu cha kupeleka kwa mtu wa utumishi na kumwonyesha kwa kidole. Nililipwa mwezi uliofuata.

Saa sita usiku

Kama ni binti, hapa sina maneno mengi. Neno baamedi limeharibiwa, na mteja wa baa anadhani bei ya bia imejumuisha mkono wako. Hotelini wapo pia wa namna hiyo, wana suti tu, ila kuna msimamizi wa kumwita, kamera, na kitabu cha matukio. Jambo la kuuliza kabla ya yote ni namna ya kurudi nyumbani. Vifodi (daladala ndogo za hapa) vikishaisha barabarani ni bodaboda, na boda ya kila usiku kutoka mjini hadi Ngaramtoni inameza posho yote. Hoteli yenye gari la wafanyakazi ina thamani kuliko hoteli yenye posho kubwa kidogo isiyo na gari. Hilo ni kwa wavulana pia.

Kuna na kunywa kwenyewe. Baani mteja anasema "jinunulie moja," mwenye baa anafurahi kwa kuwa mauzo yamepanda, na wewe kufika saa tano una tano tumboni na daftari unaanza kuyaona mawili. Wenzangu wawili wa Moshi walipotelea hapo. Hotelini tunaonja kwa mrija, tone la kwenye ulimi, na anayekunywa zamuni anaondolewa. Kwa kijana wa miaka 19 au 20 ambaye hajajijua, mimi hili nalihesabu zaidi ya mshahara.

Karatasi

Jina la hoteli linasafiri. Wanaoajiri kwa ajili ya Dubai, Zanzibar au meli za kitalii wanauliza kwanza ulisimama kaunta ya wapi na kwa muda gani, kisha wanakuuliza vipimo vya kokteli ya Margarita. Baa ya Njiro hawaijui hata kama uliiendesha wewe peke yako.

Lakini mlango wa baa haujafungwa kabisa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa kwa vitendo, unaonekana upungufu wako, unapata cheti bila kuanzia darasa la kwanza. Na chuo chao cha hoteli na utalii kipo hukohuko Njiro, kina hoteli yake ya mafunzo. Aliyekaa kaunta miaka miwili akaenda pale, anaweza kumpita mwanagenzi aliyelala mwaka mzima. Kinachowakwamisha wengi ni Kiingereza. Kwenye baa ya nyama choma unaweza kukaa miaka mitano ukiishi kwa "kaka" na "mangi" tu. Hotelini unalazimika kukiongea siku ya kwanza, vibaya, mbele ya watu, na ndivyo kinavyokuja.

Nilichomwambia

Nilimuuliza analala wapi. Akasema kwa baba yake mkubwa, halipi kodi, anakula jioni. Basi nikamwambia achukue hoteli, tena bila kufikiri mara mbili. Uanagenzi ni mkopo, unaulipa kwa njaa ya mwaka mmoja, na yeye ana mtu wa kumdhamini chakula. Angekuwa amepanga chumba Kaloleni na ana mdogo wake anamsomesha, ningemwambia aende Njiro, akae msimu mmoja, aweke akiba ya miezi sita, aandike kila chupa, asinywe, kisha aombe hotelini akiwa na kitu ambacho wenzake wa chuo hawana. Nisingemdharau hata kidogo. Mimi nilipita hukohuko, na shoti zangu zote nazikumbuka kwa tarehe.

Nikamtuma arudi hotelini kabla ya kusaini aulize nani hasa atamfundisha, na amwone huyo mtu akiwa kazini. Nilisisitiza hilo kuliko posho. Hoteli ya nyota tano yenye batenda mchoyo wa ujuzi itakupa mwaka wa kufuta glasi. Niliwahi kumwona mmoja aliyekuwa anageuza mgongo akichanganya, mwanagenzi wake asione. Hoteli ndogo ya Usa River yenye mzee anayependa kufundisha itakutoa mtu. Kaa kwenye kochi la mapokezi nusu saa ujifanye unasubiri mtu. Angalia kama yule batenda anaongea na vijana wake au anawanyooshea kidole tu.

Alienda, akakaa, akaona, akasaini. Alianza Jumatatu. Jumatano usiku ikaingia meseji: "Mama mdogo, leo nimefuta glasi mia mbili. Mikono imekunjamana kama ya mtu aliyeoga mtoni kutwa." Nikamuuliza ngapi zimevunjika. Akakaa kimya dakika kumi, kisha akaandika: "Mbili. Hakuna aliyeona." Nikamwambia arudi ndani aziandike kwenye daftari kabla gari la wafanyakazi halijaondoka.